Bakuli la Gramu Mia na Ishirini

Fundi cherehani alijisifu kwamba jicho lake ni futi kamba. Ukisimama tu mlangoni, kiuno chako anacho kichwani. Daktari alipomwambia figo zimechoka, apime kila anachokula la sivyo ataishia kwenye mashine ya kusafisha damu, alicheka. Mkewe hakucheka. Alinunua mizani ndogo ya betri, akawa anaweka juu yake bakuli lake la udongo, gramu mia na ishirini kamili, anabonyeza sifuri, ndipo anapima nyama. Viazi alivikata, akaviloweka, akamwaga maji ya kwanza yenye madini yanayochosha figo, akatia mengine. Miaka minne fundi alimwita mkewe askari wa jikoni.

Aliyetangulia kufa akawa mke, mwenye figo nzima. Siku ya mazishi bakuli lilianguka likavunjika, na fundi mwenyewe akazoa vipande akavitupa. Mizani akaisukumia kabatini.

Jicho likaanza kumdanganya, na kila mara akajikatia zaidi ya alivyodhani. Miguu ikavimba.

Mchana mmoja aliacha cherehani akaingia jikoni. Mizani ilikuwa mezani, inawaka: alama ya kutoa, kisha mia na ishirini. Namba hiyo hutokea bakuli lile likiinuliwa baada ya kubonyeza sifuri, na mizani ile hujizima yenyewe baada ya dakika mbili. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani.

Siku ya tatu hali ikiwa ile ile, alimwita binti yake.

"Baba, umeiwasha mwenyewe ukasahau."

"Huenda, mwanangu. Lakini bakuli nimelitoa wapi?"

Binti alipima kila chombo cha nyumba ile. Sitini na nne. Mia mbili na kumi. Mia tatu na tano. Hakuna kilichofika mia na ishirini wala kuikaribia.

"Nyama ya leo umejikatia kiasi gani?" binti aliuliza.

"Kidogo tu. Sitini."

Binti akaiweka kwenye mizani. Mia na themanini. Fundi aliona haya kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni. Akachukua kisu, akakata, akapima, akakata tena mpaka ikasoma sitini. Machozi yalimtoka, alikuwa amemkumbuka mno mkewe.

Nyuma yao, kwenye sinki, maji yakamwagika kutoka kwenye sufuria ya viazi vya mchana, taratibu, bila mtu kuigusa. Binti akamkamata baba yake mkono.

"Usiogope," fundi alisema bila kugeuka. "Anamwaga maji ya kwanza."