Geti Langu la Kalibu

Kwanza mjue mimi ni nani, kwa sababu ile filamu haikuwaambia. Mimi ni fundi wa mageti, na si fundi wa kubahatisha. Ukitembea kutoka steji ya matatu ya Kimbo mpaka ndani kabisa ya Gatongora, yale mageti yaliyonyooka, yasiyolia kama mbuzi ukiyafungua, mengi yametoka kwa mikono hii. Kuna moja liligongwa na lori la mawe. Lori lilivutwa kupelekwa gereji. Geti walilipanguza vumbi tu. Mwenye nyumba yuko, muulize.

Na shule niliacha darasa la nne. Nilichuma kahawa kwa shamba la watu, nikabebea fundi mmoja vyuma mpaka bega likaota sugu, kazi nikajifunza kwa kumwangalia kwa sababu yule mzee hakuwa na mdomo wa kufundisha. Leo nina karakana yangu Kimbo, Ruiru, na nyumba yangu Ngoingwa, Thika, na hakuna mtu alinishika mkono. Watoto wangu watatu wamesoma kwa moto wa kuchomea chuma. Wa kwanza, msichana, alienda mpaka chuo kikuu, akasomea mambo ya filamu. Wazee wa kanisa waliniuliza hiyo ni kazi gani. Niliwaambia wangoje.

Wakangoja. Na mimi ndiye nilikuja kuaibika.

Alinipigia simu mwenyewe. "Baba, nimemaliza filamu yangu. Ni ya familia, ya kuchekesha. Ni juu yetu tukiwa wadogo."

"Mimi nimo ndani?"

"Wewe ndio umejaa ndani!"

Niseme ukweli, nilifurahi mpaka nikachoma chuma vibaya siku hiyo, kitu ambacho hakijatokea miaka mingi. Nilidhani ataonyesha vile mtu ametoka kwa kahawa akafika hapa. Nilitangaza Kimbo yote, nikisimama mbele ya karakana kama mtu anatafuta kura. Nikaalika wateja wangu wa Ruiru, nikaalika mchungaji, nikaalika hata fundi jirani ambaye mageti yake hujikunja jua likiwaka, ili aumie roho. Nilinunua suti. Jumamosi saa nane mchana, katika ukumbi wa kanisa letu la Ngoingwa, nilikaa mbele kabisa, mama watoto upande huu, mchungaji upande ule. Mapazia yakafungwa.

Akatokea mtu kwa skrini. Kumbe ndiye mimi.

Walikuwa wamemfunga mto tumboni. Mimi tumbo kama lile sina. Anaamsha watoto alfajiri kwa kugonga chuma na nyundo. Hiyo ni kweli, na wote watatu waliamka, hakuna aliyechelewa shule hata siku moja. Anaenda matanga ya watu, na kabla ya kuwapa pole wafiwa anapiga geti lao teke kuona kama limeshika. Hiyo pia ni kweli. Geti likianguka waombolezaji watapona? Watu wakacheka. Na mimi nikacheka kidogo, kwa adabu, nikijua yale mazuri yanakuja.

Halafu ikaja siku ya geti.

Yule mtu wa mto anachukua rodi ya kuchomea. Anaishika kama mtu anapaka siagi kwa mkate! Bila kofia ya kujikinga, amefumba jicho moja. Anachomea maneno juu ya geti huku akijisifu kwamba yeye hahitaji mwalimu. Kamera inarudi nyuma polepole. Geti limeandikwa: KALIBU NYUMBANI.

Ukumbi ulipasuka. Watu walipiga viti. Mchungaji alitoa kitambaa akajipanguza macho. Yule fundi wa mageti ya kujikunja alilala begani kwa mtu asiyemjua. Ndani ya filamu, mteja analikataa geti na kumzomea fundi, na kando yake kuna msichana mdogo, binti ya fundi, anacheka kuliko wote, anashika tumbo, meno mbele hana. Na majirani zangu wote pale ukumbini wanajua geti lenyewe lipo, kwa sababu ndilo geti la nyumba yangu Ngoingwa mpaka leo. Hupita mbele yake wakienda dukani.

Taa zikawaka, chai ikaletwa, na kila mtu alikuwa na neno moja tu mdomoni.

"Mzee, kalibu chai!"

"Kalibu mandazi, fundi!"

Mteja wangu mmoja wa Gatongora, mtu nilimtengenezea geti na madirisha yote, akaniambia, "Acha nirudi nyumbani haraka nikasome geti yangu. Sijui uliniandikia nini!"

Msichana wangu alikuwa amezungukwa na watu wakimpa hongera. Alinipungia mkono. Sikupunga. Nilitoka na suti yangu nikaenda nyumbani kwa miguu.

Sasa niwaambie vile ilikuwa, kitu ambacho kwa zaidi ya miaka ishirini sikuwa nimemwambia mtu, hata mama yao.

Yule mteja aliyelikataa geti alikuwa mwalimu mkuu, mtu wa Gatongora, na lile ndilo geti langu la kwanza la maana. Alitaka liwe na maneno ya kukaribisha wageni. Kuchomea nilijua. Kuandika ndiyo ilikuwa kazi nyingine, na sikutaka mwalimu ajue. Msichana wangu alikuwa darasa la pili, na jioni alikuwa akiningoja karakana kwa sababu mama yake aliuza mboga kwa steji. Alikuwa namba moja darasani. Kila karatasi aliyopata aliijaza maandishi, hata mfuko wa unga. Nikampa chaki, nikamwonyesha bati la geti.

"Niandikie hapa, kalibu nyumbani. Uandike kubwa."

"Kalibu, Baba?"

"Ehe. Kalibu."

Akatoa ulimi nje kama anavyofanya mpaka leo akiwaza, akaandika. Herufi zilikuwa zimesimama wima kama askari. Nilizifuata na chuma moja moja, na naapa hakuna mtu Ruiru nzima angezichomea vile. Mtoto akakaa juu ya mkebe wa rangi akiniangalia, na nilijiona mimi na yeye tumeajiriwa kazi moja.

Tulilipeleka kwa mkokoteni, yeye akinishikia futi ya kupimia. Mwalimu mkuu akasoma. Akaita mke wake. Akaita majirani wa pande zote mbili. "Njooni muone! Hii Kiswahili ni ya wapi? Nani ameandika hivi?"

Mtoto alikuwa anaangalia zile herufi. Nilimwona amefungua mdomo aseme. Alikuwa anataka kusema kwa furaha, mnaelewa? Hakujua wanacheka nini. Alidhani anaulizwa ili asifiwe.

Nikawahi. "Ni mimi. Mimi sikusoma, mwalimu."

Wakacheka mpaka mbwa wakabweka. Na yeye alipoona watu wakubwa wanacheka, akacheka pia. Hicho kicheko ndicho alikibeba akilini mpaka akakiweka kwa filamu. Ile chaki aliisahau. Geti nililirudisha na mkokoteni, nikaliweka kwa nyumba yetu ya kwanza, na tulipohamia Ngoingwa nikang'oa nikaja nalo. Mimi, fundi wa kutengeneza geti lolote utakalo! Wageni waliuliza mbona sibadilishi. Nilisema chuma ni kizuri. Nilikuwa nawadanganya. Nililiweka kwa sababu ni yeye alikuwa ameandika.

Basi siku hiyo nilipofika nyumbani jua bado lilikuwa juu. Nilivua koti la suti, nikavuta waya kutoka jikoni, nikawasha grinda ya kukatia chuma na kuanza na mguu wa K. Cheche zilikuwa zinaruka mpaka barabarani. Ndipo msichana akafika na boda boda, akaruka chini kabla haijasimama.

"Baba! Unafanya nini?"

"Nakata."

"Hiyo geti? Baba, hiyo geti ndio filamu yenyewe!"

"Basi filamu imekwisha."

"Watu wamecheka kwa sababu wanakupenda, Baba."

"Wamecheka kwa sababu sikusoma."

"Ni ya kuchekesha! Hata mimi nimejicheka. Si umeona nimejiweka nikikojoa kitandani?"

"Mkojo wako ulikauka. Geti langu liko hapa, watu wanalisoma kila siku."

Dereva wa boda alikuwa amezima pikipiki asikilize vizuri. Nilimwangalia, akaiwasha akaenda.

"Sasa kwani nimedanganya nini?" msichana akasema, na sauti yake ilikuwa imepanda. "Si ni wewe uliandika hivyo?"

Nilizima grinda. Nilikuwa nimeapa kutosema, na hata pale ningeweza kunyamaza. Lakini hasira ilinishinda.

"Mimi? Ulikuwa na sweta ya kijani, kiwiko kimetoboka. Ulikaa juu ya mkebe wa rangi. Chaki nilikupa mimi, herufi ni zako. Zote. Angalia hiyo N ya kwanza kama siyo vile unaandika N mpaka leo!"

Akaangalia. Aliangalia muda mrefu. Alifuata ile N kwa kidole, polepole, kutoka juu mpaka chini, na nikaona ulimi umetoka nje.

"Niliandika vile ulisema," akasema mwishowe.

"Nilisema kalibu."

"Hata sasa umesema kalibu, Baba."

"Nimesema kalibu! Kalibu! Wewe unasikia nini?"

Hakucheka. Angecheka hapo, sijui ningefanya nini. Aliketi kwenye lile jiwe la kuzuia geti, na nguo zake nzuri za kupongezewa.

"Na nikakucheka," akasema. "Nakumbuka tu nikicheka."

"Ulicheka sana."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unaandika hata kwa mfuko wa unga. Nikuambie watu wamecheka maandishi yako, ndio uache?"

Mama yake alikuwa amefika mlangoni, amesimama na kikapu, hajui kama ni vita au ni nini.

"Nitaibadilisha," msichana akasema. "Nitaweka ukweli. Nitaonyesha ni mimi."

"Thubutu!" Nilipiga kelele mpaka mama yake akaweka kikapu chini. "Uchukue mtoto wa darasa la pili umweke mbele ya ukumbi achekwe? Mimi sikunyamaza miaka yote hii ndio wewe uje umtoe hadharani. Mwache mtoto! Mimi tayari wamenizoea."

"Sasa unataka nifanye nini, Baba? Wanaitaka filamu sehemu zingine. Ukikataa, sitaionyesha."

Hapo alikuwa ameweka kazi yake mikononi mwangu, na niliona hatanii. Ningesema neno moja tu, ingezikwa. Nilikuwa na hasira ya kulisema. Niliangalia K yangu, mguu mmoja umekatwa nusu.

"Yule mtu wako wa mto," nikamwambia. "Anashika rodi kama anapaka siagi. Fundi gani anachomea bila kofia? Watu wacheke maneno, sawa. Lakini hakuna mtu atakaa hapa Thika afikirie nachomea hivyo. Toa mikono yake. Uweke yangu."

Alikuja Kimbo Jumanne na kamera, saa nne asubuhi. Nilikuwa nimefagia karakana na kutundika geti jipya nyuma ili lionekane. Nilimpa chaki. Kwa bati akaandika K, akaandika A, halafu mkono ukaandika R wenyewe, kwa mazoea ya kusoma. Akasimama. Akaifuta kwa kiganja mpaka kiganja kikawa cheupe.

"Baba, sema tena nisikie."

Nikasema. Akaandika vile alisikia.

Msifikirie hasira imeisha. Wale wa ukumbini bado wananikalibisha kila kona, na yule mchungaji sijamtengenezea dirisha lake mpaka leo, na silitengenezi. Na K ya geti la nyumbani bado ina jeraha lile la grinda. Mama yao anasema nilizibe, nasema liache.

Lakini siku hiyo msichana alisogeza kamera mpaka karibu na bati, akaniambia niwe tayari. Nilikuwa tayari zamani. Alitaka mikono tu. Nikashusha kofia ya kujikinga usoni mapema kabisa, kabla hajayaona macho yangu, nikawasha moto.