Jembe la Mayu Mbuke

Nakumbuka siku moja, mwanangu, kila ninapoona jembe limeegemezwa ukutani. Nakuita mwanangu kwa haki, maana wewe ni mtoto wa dada yangu, ingawa tumepishana miaka michache tu. Nasikia umepata kazi ya vijijini na huli vizuri kwa mawazo. Hilo umelirithi kwangu.

Nilikuwa nimemaliza chuo juzijuzi, nikapelekwa kijiji kimoja upande wa Lingeka kusaidia kikundi cha wanakijiji kuziba korongo. Kila masika korongo lile lilisogea kuelekea kisima cha mchangani ambako kijiji kizima huchota maji. Mawe na majani yalitakiwa yawe yamekaa kabla ya mvua, na mawingu yalikwisha kuanza kukusanyika. Mimi niliogopa kila kitu. Niliogopa hata kusalimia vibaya. Nikajificha nyuma ya daftari la mahudhurio.

Siku ya nne, jembe la Mayu Mbuke, yaani Mama Mbuke, mmoja wa kikundi, lilikuja bila mwenyewe. Jirani yake alilibeba pamoja na lake, na wenzake wakapokezana kulilimia. Nilipoita jina lake, wote wakajibu, "Yupo!"

"Yuko wapi?"

"Si huyo hapo!" Wakanionyesha jembe.

Nikadhani wananijaribu. Nikalikata jina kwa wino mwekundu, nikasema kwa sauti, "Jembe halihudhurii."

Waliweka majembe chini, mmoja mmoja, wakakaa.

Mzee Masunga, kiongozi wao, hakupandisha sauti. Alinikabidhi lile jembe. "Ng'wanone, mwanangu," akasema, "mrudishie mwenyewe. Umwambie na ulivyoandika."

Njiani nilitunga maneno ya kujitetea, nikayabadilisha mara saba. Nikamkuta anamlisha mumewe uji, maana yule baba alikuwa amepooza mkono juma lile lile. Kabla sijafungua mdomo akauliza, "Mmefika kwenye ule mwamba? Anzieni kushoto. Maji hupiga kushoto, ndiko yalikochukua mahindi yangu."

Kwenye mchoro wangu, mwanangu, maji yalipita kulia.

"Mayu," nikasema, "nimekukata jina."

Akanitazama, akacheka kidogo. "Basi shika jembe uniandike tena."

Nikarudi karibu mbio. Nikawaambia nimekosa, nikaanza kulima upande wa kushoto kwa jembe lake, viganja vikiwaka. Mama mmoja akaita, "Jamani, Mbuke leo kaja mwembamba!" Wakacheka, wakainuka, wakaendelea.

Mvua ilikuja juma lililofuata. Kisima kipo hadi leo. Palipobomoka ni sehemu moja tu, ile niliyokuwa nimeng'ang'ania ifuate mchoro wangu kabla ya siku ile.

Kwa hiyo nenda, mwanangu. Daftari lako libebe, si kosa kuwa nalo. Lakini kabla hujauliza nani hajafika, uliza kimemkuta nini. Wale watu walikuwa wanauguziana na kulimiana kabla hatujazaliwa, na korongo linazibwa na hicho hicho kinachomleta jirani na majembe mawili begani. Na ukikosea, kama utakavyokosea, usikae nyumbani ukiwaza. Rudi, useme, ushike kazi.

Mungu akulinde huko uendako. Akupe watu ambao, siku utakayoshindwa kufika, watalichukua jembe lako bila kuambiwa, na jina lako likiitwa, waitike wote kwamba upo.