Mama anauza nyumba ya baba kwa sababu ya neno langu moja

Jina langu lificheni kabisa, maana Bujumbura ni ndogo na baba yangu mdogo huwa anasoma humu. Mimi ni msichana wa miaka ishirini na sita, nakaa Mutakura na mama yangu, tuko wawili tu. Nilisomea uchoraji wa majengo, na kwa sasa nachora kuta za uzio na vyoo vya matajiri kwenye ofisi moja ya mjini. Haya nitakayoeleza nimeyafanya mwenyewe, hakuna aliyenisukuma. Mkitaka kunitukana, someni kwanza mpaka mwisho.

Baba alikuwa fundi mwashi. Alijenga nyumba za watu wengi, na yetu aliijenga Jumapili kwa Jumapili, miaka tisa. Juu ya vyumba vya nyuma alimwaga zege, akaacha nondo zimesimama, akisema etaji, ile ghorofa ya juu, itapanda siku mimi nitakapopata diplome ya kuichora. Majirani walimcheka sana kwa zile nondo. Mwaka jana alianguka kutoka kwenye jukwaa la kazi, akakaa hospitalini siku tatu, akatutoka.

Baada ya hapo niliomba masteri kwenye shule mbili. Moja iko Ubelgiji, shule yenye jina, ambayo bosi yeyote wa hapa akiisikia anakaa vizuri kwenye kiti. Ilinikubali, lakini bila burse, ada yote nijilipie. Nyingine iko Dar es Salaam, na hiyo ilinipa burse pamoja na chumba cha kulala. Mtu mwenye akili angefurahi. Mimi niliisoma barua yao kwenye simu nikanyamaza, kwa sababu niliona haya. Wenzangu niliosoma nao wako Ulaya, kila siku wanaweka picha, halafu mimi niende Dar kama mtu aliyekosa? Roho ilikataa.

Wiki hiyohiyo familia ilikaa kuandaa kuganduka, yaani siku ya kumaliza matanga ya baba. Kwetu siku hiyo ndiyo familia inatangaza mbele ya wageni mali ya marehemu itakwenda wapi, na neno likishasemwa watu wakalinywea, kulirudisha ni aibu ya ukoo mzima. Nilipowatajia gharama za Ubelgiji, baba mdogo akaniuliza kama hakuna shule nyingine inayoweza kunichukua bila gharama kubwa hivyo. Mama alikuwa ananiangalia.

Nikajibu, "Apana, ni hiyo tu."

Mama aliinama kidogo, kisha akasema kama hakuna ingine basi nyumba iuzwe, marehemu mwenyewe alitaka mtoto asome. Siku ya kuganduka baba mdogo alishika maikrofoni akatangaza hivyo. Watu walipiga makofi, mama akalia, vinywaji vikazunguka. Na mimi nilipiga makofi, Mungu anisamehe.

Mnunuzi hakukawia kupatikana. Ni mfanyabiashara, anataka kubomoa ajenge maduka. Mama anasaini Ijumaa hii. Ameshapata chumba cha kupanga Nyakabiga, na ameanza kugawia majirani vyombo, anasema mtu wa chumba kimoja sufuria sita za nini. Kanisani anawaambia watu binti yake anaenda Ulaya.

Aliyejua habari ya Dar ni mchumba wangu peke yake. Ni mwalimu wa hesabu, na wazee wake walikuwa waje kutoa dote, mahari yangu, mwezi ujao. Alidhani mama nilishamwambia. Alipojua kwamba sijamwambia, hakupandisha hata sauti.

"Ulaya wende, nitakungojea hata miaka tatu," alisema. "Lakini mi siwezi kuoa mutu mwenye alimutoa mama yake kwa nyumba na uongo."

Nilimjibu vibaya, kwamba anasema hivyo kwa kuwa Dar ni karibu na inamfaa yeye. Akaondoka, na mpaka leo simu zangu hapokei. Najua nilimkosea, maana yeye hajawahi kunidanganya hata mara moja.

Sasa linalonimaliza ni hili. Jumamosi mama aliniomba nimchoree nyumba yetu kwenye karatasi kabla haijabomolewa, aitundike kule Nyakabiga. Tukapima pamoja, yeye ameshika mwanzo wa mita, mimi mwisho. Tulipima sebule, tukapima jikoni, tukapima ule mlango baba alioukosea ukawa mfupi, ambao mpaka leo tunaupita tumeinama. Mama alicheka pale mlangoni. Tangu msiba sikuwa nimemsikia akicheka vile. Tulipofika nyuma akaonyesha zile nondo kwa kidole.

"Andika na etaji, mwanangu. Uiweke tu kama vile ilijengwa. Baba yako aliijengea wewe."

Akauliza ngazi ingepandia wapi. Nikasema mita imekwama, nikageuka upande wa ukuta nikajifanya naikwamua.

Leo ni Jumatano. Dar nao wanataka jibu langu mwisho wa wiki hii. Nikisema ukweli, nyumba itabaki, lakini mama atakuwa amechekwa mbele ya wageni wote waliokunywa siku ile, baba mdogo hatanisamehe, na ile shule yenye jina ndiyo basi tena. Nikinyamaza, Ijumaa anasaini. Na la aibu kuliko yote niliseme: hata sasa kuna saa natamani Ijumaa ipite haraka, iwe imekwisha. Njia ya mwongo ni fupi, wazee walisema, na mimi naiona mwisho wake ni Nyakabiga, kwenye chumba cha mama.

Tukaneni mkishiba, lakini wenye mama zenu hai nipeni neno la kuanzia. Hivi ninavyoandika yuko jikoni anafungia sahani kwenye magazeti, na ameshaniita mara mbili nimpelekee mchoro auone. Nimwambieje?