Breki zilikwama Dagoretti Corner, nikamchafulia fundi jina kanisani. Kosa lilikuwa langu

Wakuu, Bwana asifiwe. Na wasio wa imani yangu nawasalimu kwa heshima hiyo hiyo.

Mimi ni msomaji wa siku nyingi katika jukwaa hili la magari. Huwa nasoma, nachukua ninachohitaji, nashukuru kimoyomoyo na kuondoka. Leo naandika kwa sababu kuna jambo limenikaa kifuani.

Haya yalinitokea mimi mwenyewe. Sitapunguza pale yanaponiaibisha. Jina la fundi nimelibadilisha, na sababu yake mtaiona mwishoni.

Nimestaafu, umri umepita sabini, naishi mtaa wa Satellite, Nairobi, na mke wangu. Ni mzee wa kanisa. Nimefundisha darasa la ubatizo miaka mingi, na somo nililolipenda kuliko yote lilikuwa la ulimi. Naomba mlikumbuke hilo tunapoendelea.

Nina pikapu ya zamani, ya kabini moja. Bodi imepigwa welding mara tatu. Ndiyo iliyobeba mawe ya nyumba yangu, na ndiyo hubeba hema, viti vya kanisa na sufuria za akina mama kukiwa na harusi au matanga.

Nilipostaafu nilianza kuihudumia mwenyewe. Kubadilisha plagi nilijifunza humu humu. Kubadilisha feni belt pia humu. Mungu awabariki mlioandika na picha.

Siku yangu ya pikapu ni Alhamisi baada ya chai ya asubuhi. Nafungua boneti, naweka mkono juu ya injini, naomba, kisha nakagua: oili, maji, power steering, breki. Mke wangu hunitania, "Baba Ndinda, hiyo gari itafika mbinguni kabla yangu."

Kazi moja tu sikuwahi kuigusa, nayo ni kufungua breki. Hiyo nilimwachia Wekesa.

Wekesa ana gereji ndogo ya mabati hapa Satellite. Alikuja Nairobi kutoka magharibi akiwa hana mtu, akaingia kanisani kwetu, akaoa kanisani kwetu. Mimi na mke wangu ndio tuliosimamia harusi yake. Kwa wasiojua desturi yetu: ukisimamia harusi ya watu, umekuwa mzazi wao. Wakigombana, wanakuja kuketi sebuleni kwako. Na neno lako hawalijibu ovyo, hata kama umekosea.

Mapema mwaka huu Wekesa alinibadilishia raba za breki za magurudumu ya nyuma. Kazi safi. Niliendesha zaidi ya mwezi bila shida.

Sasa nije kwenye chupa.

Mimi ni mtu wa kuhifadhi. Mafuta ya breki na ya power steering nilikuwa nayanunua kwa makopo makubwa kule Kirinyaga Road, kisha nayagawa kwenye chupa ndogo za dawa ya kikohozi, zile za kahawia. Zinashikika vizuri mkononi. Nilizitia alama kwa rangi nyeupe: B ya breki, S ya stering.

Lakini wakuu, alama niliziandika kwenye vifuniko. Si kwenye chupa.

Alhamisi moja nilifungua chupa zote mbili kwa pamoja nione kilichobaki. Nikaitwa getini. Niliporudi, nikavirudisha vifuniko, nikashukuru Mungu kwa utaratibu aliotujalia, nikaingia ndani.

Alhamisi iliyofuata nikaona breki imepungua kidogo. Nikachukua chupa yenye B, nikamimina. Kile kikopo cha breki kwenye gari langu kimezeeka, plastiki imekuwa rangi ya chai ya rangi, huoni kilichomo. Wala sikunusa. Nilishaomba, nikaona nimemaliza.

Jumamosi yake kulikuwa na harusi mtaa wa Jamhuri. Nilibeba hema, viti na sufuria. Nyuma yangu basi la kanisa, limejaa kwaya na akina mama.

Kuanzia Naivasha Road nilihisi pedali imekuwa ngumu kama nakanyaga jiwe. Gari likawa zito. Nikajiambia ni mzigo.

Kufika njia panda ya Dagoretti Corner likagoma kabisa. Magurudumu yameshikwa, moshi unatoka mbele, harufu ya kuungua. Nimeziba barabara. Mnajua Dagoretti Corner Jumamosi asubuhi. Honi zilipigwa ambazo sijawahi kupigiwa maishani.

Basi likasimama, watu wote wakashuka. Mama mchungaji akanijia amekunja uso. "Mzee, si wewe husema gari lako linakaguliwa kila wiki?"

Aliuliza kwa huruma. Mimi nikasikia kama nimevuliwa koti mbele za watu.

Nikajibu, "Breki ilitengenezwa na Wekesa."

Hilo tu, na lilikuwa kweli. Lakini sauti niliyolisemea ilimaliza sentensi yenyewe, na kila mtu akaelewa.

Wekesa alipigiwa simu, akaja mbio na spana zake. Akalala chini pale pale kwenye lami, akalegeza zile nati ndogo za kutolea hewa, magurudumu yakaachia. Kisha akafungua kikopo cha breki. Akachovya kidole. Akakitazama, akakisugua kwa kidole gumba, halafu akanitazama mimi.

Akakifuta kidole kwenye ovaroli, akafunga kifuniko.

"Mzee, hii gari irudi pole pole mpaka nyumbani, na usiiendeshe tena. Lazima nifungue breki yote."

Nikamwambia, na watu wanasikia, "Utafungua mara ngapi, Wekesa? Hiyo ya kwanza hukufungua, ulichungulia?"

Watu wakacheka. Yeye akainama kukusanya spana.

Jumapili wakati wa matangazo nilisimama. Nikamshukuru Mungu kwa kutuokoa. Nikasema tujihadhari na mafundi wanaokula meza moja na sisi kisha wanatufungia raba feki. Sikutaja jina. Wekesa alikuwa ameketi safu ya nne na mke wake.

Nilirudi kitini nikiwa nimeridhika. Naandika neno hilo nikiona haya, lakini ndivyo nilivyokuwa. Nimeridhika.

Gereji ndogo huishi kwa mdomo wa watu. Wiki mbili baadaye niliipita kwa miguu, nikaona uwanja mtupu. Hata ile gari ya shule ya chekechea aliyokuwa akiihudumia haikuwepo. Wekesa amekaa kwenye tairi, anasoma gazeti la juzi.

Alikuja kwangu mara mbili. Nilimwambia mke wangu amwambie niko kwa maombi.

Wakuu, mara ya kwanza ilikuwa kweli.

Wiki ya tatu nikaamua kufungua breki mwenyewe. Nia yangu haikuwa njema. Nilitaka kutoa zile raba nizipeleke kwa kikao cha wazee kama ushahidi. Nikatoa hadi master cylinder, ile pampu kuu ya breki. Raba zote zilikuwa zimevimba, laini, zimefura kama maandazi. Za mbele, za nyuma, na hata zile ambazo Wekesa hakuzigusa.

Hapo ningeelewa. Lakini mtu akishatoa hukumu, macho yake hufanya kazi ya kuitetea.

Nikazifunga kwenye karatasi, nikaenda mjini, Kirinyaga Road, nikaingia duka la spea. Mama mwenye duka akachukua raba moja, akaibonyeza, akainusa, akaangua kicheko, akaniita guka, yaani babu.

"Guka, nani alikuwekea ATF kwa breki?"

"ATF gani?"

"Haya mafuta mekundu ya stering. Raba ya breki haipatani nayo kabisa, inavimba hivi. Huyo aliyefanya hii ni adui ama ni mjinga?"

Nilikuwa na nafasi, wakuu. Hakunijua. Hakuna mshirika wa kanisa letu hata mmoja aliyekuwa karibu. Ningesema ukweli bila kupoteza chochote.

Nikasema, "Ni fundi fulani."

"Mhame huyo, guka. Atakuua."

Nilirudi nyumbani, nikachukua kisahani cheupe jikoni, nikamimina kutoka chupa yenye B.

Mekundu kama maji ya rozela.

Nikamimina kutoka chupa yenye S. Meupe, yana umanjano kidogo, yale ya breki.

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni. Alichukua kisahani, akakiosha, akakirudisha kabatini.

Ningependa kuwaambia kwamba siku hiyo hiyo nilikwenda kwa Wekesa. Sikwenda. Zilipita Jumapili mbili. Moja nikaongoza maombi ya kusanyiko. Tukirudi nyumbani mke wangu akasema, "Baba Ndinda, siku hizi unaomba kama mtu anayeogopa kusikika."

Jumatatu nikaenda.

Wekesa alikuwa chini ya gari, naona miguu tu. Nikasimama hapo, nikiongea na soli za viatu.

"Wekesa, ni mimi."

"Najua, mzee. Hivyo viatu navijua, ndivyo ulivaa harusi yangu."

Nikamweleza yote. Chupa, vifuniko, kisahani. Hata yule mama wa Kirinyaga Road nilimweleza. Spana ilikuwa ikilia chini ya gari, kisha ikanyamaza. Hakutoka. Nadhani alinisitiri, ili nisimalizie maneno hayo tukitazamana.

Nilipomaliza akasema, "Nilijua ile Jumamosi. Kidole kilitoka chekundu."

Nikaketi kwenye lile tairi.

"Mbona hukusema?"

"Niseme aje, mzee? Mbele ya mama mchungaji na kwaya yote? Niseme baba yangu wa harusi amemwaga mafuta ya stering kwa breki?" Akajivuta nje, akaketi chini, anafuta mikono kwa kitambaa. "Nilikuja kwako nyumbani nikuambie tukiwa wawili. Mara mbili. Nikaambiwa uko kwa maombi."

 

Mke wake alimtaka ajibu siku ile ya matangazo. Alipotaka kusimama yeye mwenyewe, Wekesa alimshika mkono akamkalisha. Hilo nimelijua baadaye, kutoka kwa mke wake, na hakuniambia kwa furaha.

Nilikwenda kwa mchungaji kuomba nafasi kwenye matangazo. Akashauri tulimalize ofisini, kwa heshima ya baraza la wazee. Nikamwambia sikumchafua mtu ofisini.

Jumapili nikasimama mahali pale pale, na chupa mbili mkononi. Nikataja jina lake safari hii, maana mara ya kwanza nililificha jina ili nionekane mwungwana. Nilisema aliyetia mafuta mabaya ni mimi, aliyelijua akanyamaza kwa ajili ya heshima yangu ni Wekesa, na raba feki hazikuwahi kuwepo. Nikaomba nipumzishwe uzee wa kanisa kwa muda. Nikaketi nyuma, karibu na mlango.

Watu walinipongeza kwa unyenyekevu. Naomba niwaambie, wakuu, pongezi zile zilinichoma kuliko honi za Dagoretti Corner. Wengi walinishika mkono mimi kwanza. Waliokwenda safu ya nne walikuwa wachache.

Wekesa alinitengenezea pikapu. Alitoa kila raba kuanzia master cylinder hadi gurudumu la mwisho na mipira ya paipu, akaosha paipu kwa spiriti, akajaza upya. Alinifanya nikae kando nikanyage pedali anapotoa hewa. "Kanyaga. Shikilia. Achia." Nilitii kama mwanafunzi. Aliponirudishia chupa zangu, alikuwa ameandika kwa rangi ubavuni mwa kila moja, BREKI na STERING, kwa herufi kubwa kama za mtoto wa nasari. Hakutabasamu, wala mimi.

Ile gari ya chekechea haijarudi kwake. Nilimwendea mwenye shule mwenyewe, nikamweleza. Akanisikiliza vizuri, akasema, "Nimeelewa mzee, lakini wazazi walishasikia." Wateja wengine wamerudi. Naendelea kwenda mlango kwa mlango, Satellite na Riruta, kila nikisikia mtu amesema "yule fundi wa raba feki." Hayo maneno ni yangu. Nayasikia kwa watu ambao hata kanisani kwetu hawaji.

Kwa wanaojitengenezea kama mimi: andikeni kwenye chupa, si kwenye kifuniko. Bora zaidi, acheni mafuta kwenye kopo lake. Na ikitokea umemwaga ya stering kwenye breki, hata kijiko kimoja, usiwashe gari, usikanyage pedali. Ita fundi, na umwambie ulichofanya kabla hajauliza.

Kwa nini nimebadilisha jina? Kabla ya kuandika nilimwomba ruhusa. Nilitaka niweke jina lake kamili na mahali gereji ilipo, nikidhani namsaidia apate wateja kutoka humu.

Akasema, "Andika, mzee. Lakini mimi usinitaje. Nimechoka kutajwa."

Mafundi mlio humu, kama mmewahi kusingiziwa na mtu mnayemheshimu, niambieni ni nini alichofanya baadaye kilichowasaidia kweli. Na kama hakuna kilichosaidia, semeni hivyo pia. Nitasoma yote kwa subira, hata ya kunikemea.