Kununua Nyama Karibu na Baba Mkwe

Wajukuu zangu wakitoka dukani huingia wamenuna, wanatupa mifuko mezani na kusema wamechoka. Wamechoka na nini? Bei imebandikwa, hakuna wa kubishana naye, hakuna hata anayewajua. Soko lililonishinda mimi lilikuwa na watu, na mmoja wao alikuwa baba mkwe wangu.

Niliolewa Marani, huku Kisii, miaka ya sabini ikianza, nikitokea Nyansiongo. Kule baba yangu alikuwa amepata shamba kwenye ardhi iliyoachwa na walowezi, na majirani walikaa mbalimbali, kila mtu na ua wake. Duka lilikuwa moja. Unasema unataka chumvi, unapewa chumvi, unakwenda zako. Nikafika Marani nikiwa msichana mkubwa anayejua kukama ng'ombe, kulima na kusoma Biblia, lakini akiulizwa, "Utanipa ngapi?" anababaika na kutazama miguu yake.

Mama mkwe alinipokea vizuri, sina la kumsema. Ila kwetu mke mgeni hapewi jiko lake siku hiyo hiyo. Unapika kwenye jiko la mama mkwe, kwa sufuria zake na chumvi yake, mpaka yeye mwenyewe aone umekomaa, ndipo akutoe na kukupa moto wako. Kibanda changu cha kupikia kilikuwa kimeshakandikwa na kukauka. Kilichokosekana ni mafiga na moto. Kila asubuhi nikienda mtoni nilichungulia ndani. Nilikitaka kibanda kile jamani, nilikitaka kuliko nguo mpya.

"Kupika unajua," aliniambia. "Sasa uende sokoni urudi na vyote. Siwezi kumpa moto mtu anayerudi na kikapu nusu."

Na mimi kila siku ya soko nilirudi na kikapu nusu. Chumvi ipo, mafuta ya taa hayapo. Dagaa wapo, sabuni nimeisahau. Nyama ndiyo kabisa, sikuwahi kuileta hata mara moja.

Sababu ilikuwa moja. Sisi Wagusii tuna heshima ya wakwe, chinsoni. Mkaza mwana na baba mkwe hawapeani mikono, hawatazamani usoni, na wakikutana njiani mwanamke huacha njia. Kupaza sauti akikusikia, ukicheka na kubishana na wanaume wauza nyama, hiyo ni aibu ya kusimuliwa kijiji kizima. Sasa baba mkwe wangu hakuwa na cha kuuza wala cha kununua, lakini kila siku ya soko alibeba kigoda chake, akakaa kwenye baraza ya bucha pamoja na wazee wa rika lake, na kutazama watu. Hiyo ndiyo ilikuwa starehe yake. Alikuwa mzee wa kanisa la Sabato: pombe hanywi, tumbaku havuti, chai yenyewe hataki. Watu ndio waliokuwa chai yake. Alijua nani amenenepa, nani amegombana na mumewe, nani amevaa viatu vya kuazima.

Na kutoka baraza ile ulionekana popote ulipo. Basi nilinunua kama mwizi. Niliinama nyuma ya mikungu ya ndizi, nikalipa bei ya kwanza ili nisifungue kinywa, na nikiona kofia yake tu imegeuka upande wangu, nimeshafika barabarani.

Mama mkwe hakujua lile la kukimbia, au alijifanya hajui. Aliona uso wangu tu. "Unakwenda sokoni kama mtu anayekwenda kung'olewa jino," alisema, na siku moja akaamua twende pamoja. Alinilisha kwanza, maana kwake mwenye njaa hanunui, anapora. Tulipofika aliweka mikono nyuma na kunizungusha soko zima bila kununua kitu. Alisalimia huyu, akamuuliza yule habari za mtoto mwenye surua, akaonja ndizi, akacheka. Ndipo tukarudi tukianza kununua, vyepesi kwanza, vizito mwisho. Kila kitu kilikuwa na mtu wake. Saga, ile mboga yetu chungu ya majani, aliichukua kwa bibi yuleyule, wimbi kwa yuleyule, dagaa kwa mama mmoja wa Kijaluo aliyeshuka na magunia yake kutoka upande wa ziwa.

"Mjue mtu kwanza," aliniambia. "Bei utaongea naye ukiwa unacheka."

Mwisho alininunulia kipande cha muwa na kuniambia nikile njiani, nisimpelekee mtu nyumbani. Kila siku ya soko lazima ulimi wako nao upate chake. Nilitafuna muwa ule mpaka getini na nikajiona mtu.

Siku ya soko iliyofuata nilikwenda peke yangu na mambo yakawa yanakwenda. Nilizunguka, nilisalimia, nikafika kwa mama wa dagaa na kuthubutu kumwomba aongeze. Akaongeza! Nikiwa nachekelea, nikamwona baba mkwe amesimama barazani kunyoosha miguu, uso kwangu moja kwa moja. Lo! Nikatupa pesa kwenye gunia na kutoka mbio, dagaa nimewaacha. Yule mama akanifuata katikati ya soko akipiga kelele kwa Kiswahili chake cha ziwani: "Wewe bibi! Samaki yako! Wewe ya kitambaa nyekundu, umekimbia nini?" Soko lote likageuka. Wazee wa baraza nao wakageuka. Nilitamani ardhi ipasuke.

Baada ya siku ile sikumwona tena baba mkwe sokoni. Kigoda hakipo, kofia haipo. Kwanza niliogopa, nikidhani amejificha mahali. Halafu nikaacha kuogopa, na hapo ndipo nilipolijua soko. Jamani, soko ni tamu! Nilijifunza kuondoka kana kwamba sitaki kitu mpaka niitwe. Nilijifunza kumtania muuza sabuni. Nilikuwa na mtu wangu wa ndizi, mtu wangu wa mafuta ya taa, na kila mara kipande changu cha muwa. Kikapu kilirudi kimejaa, kasoro nyama, maana wazee wenzake walikuwa bado pale barazani, na mama mkwe alipokuwa akikipokea alianza kutabasamu. Nikaanza kutafuta mawe matatu mazuri kule mtoni, kimoyomoyo.

Ni mama wa dagaa aliyeniharibia furaha. "Mzee yenu iko mgonjwa?" aliniuliza. "Hapana kuja soko tena. Wazee naulizana."

Nilirudi nikiwaza. Alikuwa mgonjwa wa nini? Asubuhi nilimsikia akiimba nyimbo za kanisa akipanda mlima kwenda kwenye shamba lake la majani chai. Jioni tukichambua mboga nilimuuliza mama mkwe.

"Anasema ni magoti," alisema.

"Magoti yanayopanda mlima kila alfajiri?"

Akaweka mboga chini. "Nimechoka kusema uongo. Siku ile ulipokimbizwa na mwenye dagaa alirudi kimya. Akaniambia, mtoto hawezi kununua mimi nikiwa pale. Mwache ajifunze, mimi nimeshaona watu wa kutosha."

Nililia pale pale, na hasira juu. Nilimkasirikia mzee kwa kuniona, nikajikasirikia mimi kwa kila kipande cha muwa nilichokula nikiwa na raha. Mzee anashinda nyumbani siku ya soko akizungukazunguka zizi, hana wa kuongea naye, ili mimi nicheke na muuza sabuni.

"Mwambie arudi," nikasema.

Mama mkwe alinitazama. "Na ukikimbia tena? Nilitaka kukupa moto wiki hii. Lakini akirudi na wewe ukakimbia, kibanda kile kitalala hivyo hivyo mpaka mavuno mengine. Sitachekwa."

"Mwambie arudi."

Siku ya soko ilipofika nilizunguka mara moja, mikono nyuma. Niliacha bucha iwe ya mwisho. Nilipoinua macho, kigoda kilikuwa pale barazani na mzee alikuwa juu yake, lakini uso ameuelekeza ukutani. Soko lote liko nyuma yake. Wenzake wa rika walikuwa wanamcheka wazi wazi: "Wewe, umekuja kutazama matope ya ukuta?" Alikaa, fimbo katikati ya magoti, akitazama ule ukuta.

Miguu yangu ilitaka kurudi. Nikaipeleka mbele. Nilisimama mbele ya dirisha la bucha, mgongo wake ukiwa karibu kiasi kwamba ningenyoosha mkono ningeugusa, na nikaagiza nyama. Sauti ilitoka kama ya panya. Muuza nyama, aliyeona mimi ni mgeni wa mambo, akapiga shoka na kuniwekea mfupa mkubwa mweupe kwenye mizani.

"Huo mfupa una mtoto nyumbani kwako anaulilia," nikamwambia. "Mrudishie. Mimi nikatie pajani."

Sijui maneno yale yalitoka wapi. Wazee walipasuka kicheko. Muuza nyama naye akacheka, akakata pajani. Mimi nilikuwa nimesema hayo yote baba mkwe akisikia, na sikuweza kutazama pengine ila pale mgongoni.

Kwanza ulikuwa umekakamaa. Halafu koti likaanza kutikisika mabegani. Mzee aliinama juu ya fimbo yake, akaufunika uso kwa kofia, na kutoka ndani ya kofia ile akauambia ukuta, kwa sauti ya kusikika: "Huyo apewe moto wake leo."

Nilipewa jioni ile ile. Niliishi naye boma moja mpaka alipofariki, na uso wake ukicheka sikuwahi kuuona. Kicheko chake nakijua kwa mabega.