Pengo Kati ya Mikato Miwili

Pale hospitalini wanamwita Mkasi, na jina hilo amelifanyia kazi. Kabla hajaandika programu, huchapa mstari wa data kwenye karatasi, akaukata kwa mkasi penye kila alama ya mkato, akapanga vipande mezani kama mpiga ramli. Wenzake wana shahada na skrini mbili mbili. Yeye anavyo vyote hivyo, na mkasi juu.

Asubuhi programu yake mpya ya lebo za dawa ilipoanza kazi, mfamasia alimpigia simu.

"Dada Mkasi, shuka. Babu wa kitanda cha dirishani anaungua homa, na lebo yako inasema ana mzio wa dawa ile ile aliyoandikiwa."

"Na penye dawa pamesemaje?"

"'Vidonge viwili.' Vidonge viwili vya vidonge viwili!"

"Basi mashine imekosea."

"Imekosea wapi, imepatia wapi? Mpaka unijibu, simpi."

"Vizuri. Usimpe."

Akauchapa mstari wa babu, akaukata: jina, dawa, dozi. Baada ya jina mikato miwili ilibanana. Kijikaratasi cheupe kilichotoka hapo alikipuliza kama takataka. Kisha akapiga magoti kukitafuta chini ya meza, mtu mzima na heshima zake.

Ndivyo ilivyofanya strtok, amri ya lugha ya kompyuta iitwayo C, aliyoitumia kukata mistari. Mikato ikifuatana huihesabu mmoja, na pengo la katikati hulitupa. Dawa ikasogea kwenye kiti cha mzio kilichoachwa wazi, dozi ikarithi kiti cha dawa. Amri hiyo pia huharibu mstari inaoukata. Ndiyo maana Mkasi huipa nakala tu. Mstari wa asili ulikuwepo, mzima, na pengo lake.

Akashuka kwa mfamasia. "Kosa langu," akasema mbele ya foleni ya wagonjwa, kwa sauti ambayo wengine huitunzia pongezi. "Penye mzio ni patupu."

"Yaani hana?"

"Yaani hakuna aliyemuuliza."

Wakaenda wote wawili kitandani kwa babu.

"Babu, kuna dawa iliyowahi kukuvimbisha?"

"Aliyewahi kunivimbisha ni bibi yenu tu, naye hauzwi dukani."

Akapewa vidonge viwili, safari hii vya dawa.

Kabla ya mchana Mkasi alishaiondoa strtok, akaandika msimbo unaopita herufi kwa herufi na kuheshimu mapengo, na lebo zote za asubuhi zikachapwa upya. Mkuu wake akashauri patupu paandikwe "Hana". Akakataa. Mpaka leo lebo husema: "Muulizeni."