Viota vya Njia ya Kulia

Ukitaka kumwona Mama Breki kazini, usiangalie mbele ya msafara. Mbele utamkuta mgeni mzito kuliko wote, mzee mwenye goti bovu labda, au mtu aliyejifunza baiskeli juzi akiwa na miaka arobaini. Mama Breki yuko mkiani, kofia yake pana imefungwa kidevuni, pampu imelala kwenye fremu. Hiyo ni sheria aliyoitunga mwenyewe miaka kumi na saba iliyopita, baada ya kiongozi wa zamani kutangulia mbio na kuingia mji wa pili na wageni watatu kati ya tisa.

"Mwendo wetu ni wa aliye mzito," huwaambia wageni. "Mwenye haraka akatafute pikipiki."

Akiwa nyuma husikia kila kitu: mnyororo unaolilia mafuta, tairi linalopumua kidogo kidogo, mke anayemnong'oneza mumewe kwamba makalio yamemwisha. Huwapitisha kwanza kwenye bustani kuu, kwenye miti iliyopandwa na watu ambao wajukuu zao nao ni wazee sasa. Pale kwenye mteremko wa kutokea bustanini ndipo alipopata jina, maana neno lake ni moja tu mpaka chini: breki, breki, breki. Halafu wanapanda tuta refu linalokatiza ardhi oevu, maji huku, mafunjo kule. Mwisho wanaingia miji midogo ya kale, mmoja wenye mnara wa saa iliyokataa kwenda, mwingine wenye kichochoro chembamba hivi kwamba baiskeli mbili zikikutana lazima wenyewe wasalimiane.

Kila jiwe la njia hiyo lina habari, na habari hizo Mama Breki alizikusanya kwa miguu yake, kwenye vibaraza vya watu, akiuliza na kuuliza tena. Ila moja tu aliitunga.

Katikati ya ardhi oevu tuta linagawanyika. Kushoto ni njia ya kwenda mjini. Kulia ni kijia cha majani, kizuri kuliko cha kushoto, ungedhani kimefagiliwa. Kinaingia kwenye mafunjo mpaka mahali korongo wanapotaga, chini kabisa, juu ya matete waliyoyakanyaga wenyewe. Mtoto anayetambaa angeyafikia mayai. Basi Mama Breki, kila akifika hapo, husimamisha msafara na kuwaambia: "Kulia msiende. Kuna tope. Ng'ombe wawili walizama pale, hata pembe hazikuonekana tena."

Hakuna ng'ombe aliyewahi kuzama. Tope la pale haliwezi kumeza hata ndala. Lakini wageni walitikisa vichwa kwa huruma, mama mmoja alitoa machozi, na wote wakashika kushoto. Kwa miaka kumi na saba viota vya korongo vililindwa na ng'ombe wawili ambao hawakuzaliwa.

Mkuu wa ofisi ya safari hizo ni shemeji yake, mdogo wa mumewe. Kila mtu humwita Meneja, hata mama yake mzazi. Mwaka jana alikuja karakanani, mume wa Mama Breki anakofanya ufundi wa baiskeli za wageni, akiwa na kinasa sauti.

"Shemeji, nisimulie njia yote, tuihifadhi. Mtu hufa na maneno yake."

"Unanichimbia kaburi mapema, shemeji?"

"Nakuwekea akiba."

Alisimulia alasiri nne nzima, mumewe akinyoosha magurudumu pembeni. Ya nne walikuwa wameshazoeana na ile mashine, chai iko mkononi, utani umekolea. Meneja akauliza, "Hao ng'ombe walikuwa wa nani hasa?"

Mama Breki alicheka mpaka chai ikamwagika. "Wangu. Niliwazaa mwenyewe, kwa mdomo." Akamweleza yote, mpaka idadi ya viota. Hilo ndilo lililomuuma baadaye kuliko mengine. Hakuibiwa, alitoa kwa mkono wake, kwa raha ya kumchekesha shemeji.

Msimu huu yakaja maboksi. Ndani mlikuwa na vidude vidogo vya kubana kwenye usukani, vinavyozungumza vyenyewe baiskeli ikifika mahali fulani. Mafundi wakaviita kasuku. Sauti ilikuwa ya mtangazaji wa redio, nzito, imepigwa pasi, na maneno yalikuwa ya Mama Breki. Wageni sasa walikwenda peke yao, na yeye akapewa kazi ya kujaza upepo.

"Umepumzika sasa, shemeji," Meneja alimwambia.

"Nimepumzishwa," alijibu, akaendelea na pampu.

Walipomwambia asikilize angalau kidogo, alikataa. Alisema yeye hasikilizi kasuku. Kilikuwa kiburi, na kiburi hicho kilichukua wiki tatu.

Jumanne moja alitumwa kuchukua baiskeli iliyovunjika pedali kwenye tuta. Alipofika njia panda aliona majani ya kijia cha kulia yamelala, yamechorwa alama za matairi, nyingi, zikipandana. Akashuka. Akaingia kwa miguu, mkono ukisukuma mafunjo, moyo ukimwambia jambo ambalo hakutaka kulisikia.

Aliwakuta wageni wawili, mume na mke wa makamo, watu wa adabu, viatu wamevua wasiharibu majani. Kasuku alikuwa akizungumza kwenye usukani wao.

"Usiogope hadithi za wenyeji kuhusu ng'ombe waliozama," ilisema ile sauti ya pasi. "Ni masihara tu. Hatua mia mbili mbele utawaona korongo juu ya mayai. Sogea taratibu upate picha nzuri."

"Samahani, mama," yule mwanamume aliuliza kwa upole, "hawa ndege huwa wanarudi saa ngapi?"

Mama Breki alikuwa anahesabu. Viota vitatu vilikuwa vimepitiwa na tairi. Kumi na kimoja vilikuwa vizima, na alipochutama kugusa, mayai yalikuwa baridi kama kokoto za mtoni. Mbali, kwenye maji mafupi, alisimama korongo mmoja, akaruka.

"Hawarudi," alisema mwishowe. "Vaeni viatu."

Ofisini Meneja alikuwa akibandika picha ukutani, picha nzuri kweli, ya korongo na mayai yake.

"Karibu, shemeji, kaa kwenye kiti."

"Kiti kikae chenyewe. Kumi na vinne, shemeji. Vyote."

Ilibidi amweleze mara mbili. Meneja aliketi, akashika paji la uso, na kwa muda mfupi alionekana mtu mwenye haya. Kisha umeneja ukamrudia.

"Lakini tuseme ukweli. Wageni wa siku hizi hawataki kudanganywa. Wewe uliwadanganya miaka kumi na saba."

"Niliwadanganya. Na ndege walikuwepo."

"Nitafuta hayo maneno. Ila mtangazaji amesafiri mpaka mwezi ujao. Mwezi mmoja tu, shemeji."

"Kuna wanaotaga kwa kuchelewa. Wakijaribu tena wiki hii, utawaambia wasubiri mtangazaji? Niweke mimi. Sauti yangu unayo."

Meneja alikohoa, akaangalia picha zake. "Sauti yako ni nzuri, sikatai. Lakini ni sauti ya nyumbani."

Mama Breki aligeuka akatoka.

Karakanani mumewe alikuwa amekaa kwenye kreti, gurudumu linazunguka mbele yake. Ni mtu mpole. Ugomvi ukiingia mlangoni yeye hutokea dirishani.

"Mdogo wako amesema sauti yangu ni ya nyumbani."

"Unamjua alivyo."

"Namjua. Wewe ndiye humjui, maana kila akiharibu unasema unamjua alivyo."

Akachukua beseni la kuoshea minyororo, akaenda kwenye safu ya baiskeli, akapiga magoti mbele ya ya kwanza. Akafungua vali ya tyubu. Upepo ukatoka kwa hasira. Akaitupa kwenye beseni, akahamia gurudumu la nyuma. Baiskeli zilikuwa arobaini na mbili. Mumewe alimwangalia, gurudumu likapunguza mwendo mpaka likasimama.

Alipofika ya sita, mumewe alisema, "Kwa mkono mtupu utafika kesho. Vidole vitachubuka."

"Vichubuke."

Fundi aliinuka, akachagua koleo ndogo ubaoni, akaenda akaanza upande wa pili wa safu. Walikutana katikati.

Asubuhi ya Jumatano wageni kumi na mmoja walisimama uani, kofia kichwani, mbele ya baiskeli zilizokaa chini kama mabasi yaliyoshindwa safari. Meneja alikuja mbiombio.

"Kaka, ni nini hiki?"

"Muulize shemeji yako," fundi alisema. Hakutokea dirishani.

Mama Breki alikuwa kwenye kreti, beseni mapajani. "Vali ziko hapa. Lete kinasa sauti, zitarudi."

"Nitaita fundi mwingine."

"Mwite. Aje na vali zake themanini na nne."

"Mama mkwe wako atazisikia habari hizi."

"Mwambie. Anza na mayai, usianze na beseni."

Wageni walikuwa wanatazama. Mzee mmoja aliuliza kuna shida gani, na Mama Breki akamweleza, kwa sauti ya kufika ua mzima, ile ile ya kushukia mteremko. Alipomaliza, mzee alivua kofia yake akakaa kwenye ngazi. Wengine wakakaa naye. Meneja aliwaangalia, akaenda kuleta kinasa sauti.

Aliporudi alikuwa amelainika. Aliinama, akamnong'oneza, "Basi warudishe tu wale ng'ombe, shemeji. Sema kuna tope. Watashika kushoto, tumalize."

"Ng'ombe umeshawaua wewe. Picha za pale ziko kwenye simu za watu. Nani ataamini tope?"

Akabonyeza kitufe mwenyewe.

"Umefika njia panda. Kulia palikuwa na viota kumi na vinne vya korongo. Watu wema kama wewe waliambiwa waende wakatazame. Wakaenda, wakavua na viatu, na sasa mayai yote yamekufa. Mwenye kosa la kwanza ni mimi, nilisema nilichopaswa kunyamazia. La pili ni la ofisi. La tatu lisiwe lako. Shika kushoto."

Meneja alikizima kinasa sauti.

"Maneno sawa. Lakini unasikika kama unagomba. Rudia, kwa upole kidogo."

"Sirudii."

Ilichukua mpaka saa sita kuyaingiza maneno hayo kwenye kasuku wote. Mama Breki alimweka kila mmoja sikioni mpaka neno la mwisho, ndipo akaitolea baiskeli yake vali mbili. Mumewe alijaza upepo. Wageni walisubiri.

Msimu huo hakuna korongo aliyetaga tena. Kijia cha kulia kiliota majani, wageni wakawa wanashika kushoto, wengine hata bila kugeuza shingo. Wiki ya pili Meneja alikuja karakanani na karatasi mkononi. Mgeni mmoja alikuwa ameandika kwamba safari ni ya raha, mandhari tulivu, ila kuna mama mmoja mkali kwenye ardhi oevu amemharibia siku.

"Nilikuwa nauliza tu, shemeji," Meneja alisema akiwa bado mlangoni, "kama tunaweza kuilainisha ile sauti. Kidogo tu."

Mama Breki alikuwa anakaza spoku. Hakuinua kichwa.

"Mayai yakianguliwa," alisema, "nitalainisha."